Jalila Wadii Ghattas, Aliyewasalimu Watakatifu kwa Pua (1989–2024)

"Hilo halisomwi, Mama! Nimesema halisomwi!"

"Litasomwa."

"Mbele ya Abuna? Mbele ya watu wa Naqada na wa Qus, na wakwe wa Irini? Waje wale dengu zetu za Kwaresima, kisha waondoke na aibu yetu mfukoni?"

"Aibu ni yangu, Wadii. Usijigawie kisicho chako. Tangu utoto una tabia hiyo, hata mafua ya kaka yako ulikuwa unayataka."

Hivyo ndivyo wasifu huu ulivyoanza, Jumatano tarehe 13 Machi 2024, siku tano kabla ya arobaini ya marehemu, sebuleni kwa baba yake hapa kijijini Naja Butrus. Aliyekuwa akigomba ni Bwana Wadii Ghattas, baba mzazi, naye aligomba kwa ile sauti ya mtu anayepiga kelele huku ananong'ona, jicho moja likiwa mlangoni. Aliyeketi mkekani ni mama yake, Bibi Tafida, mwenye miaka themanini na mitatu kwa hesabu ya serikali na mia moja na minne kwa hesabu yake mwenyewe. Aliyeshika kalamu ni Irini, mdogo wa marehemu, muuguzi. Mama wa marehemu, Bi. Nargis, alikuwa nje kwenye tanuri akioka mikate ya rehema ya kugawa makaburini. Jambo lililokuwa likigombewa hakulijua. Ni yeye peke yake nyumbani humo ambaye hakulijua, na ndiyo maana Wadii alikuwa akiuchungulia mlango.

"Andika kila neno," Bibi Tafida alimwambia Irini. "Hata haya makelele ya baba yako. Ukiruka kitu nitajua."

"Utajuaje, Bibi, nawe hujui kusoma?"

"Nitahesabu mistari."

Basi yaandikwe kwa utaratibu wake, kama yanavyoandikwa ya watu wote.

Marehemu Jalila Wadii Ghattas alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1989, saa mbili asubuhi, katika nyumba hii hii, mtoto wa kwanza wa Bwana Wadii na Bi. Nargis. Bibi Tafida alitaka iandikwe kwamba asubuhi hiyo Mto Nili ulisimama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na kwamba nyati wa jirani alikamuliwa akatoa jibini. Irini aliweka kalamu chini. Kwa hiyo iandikwe tu kwamba kulikuwa na vumbi, mkunga alichelewa, na alipomtazama mtoto usoni alinyamaza kuliko inavyotakiwa mkunga anyamaze.

Siku ya nane walimpeleka hospitali, mjini Qena. Daktari alisema mtoto ana hali ya Down, kwamba moyo wake una tundu, na kwamba atachelewa katika kila jambo: kukaa, kutembea, kusema. Kuhusu macho hakusema kitu, wala hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo kila kilichomshinda Jalila kilikuwa kimeshapata jibu. Akijikwaa kizingitini, ni akili. Akimwaga chai, ni akili. Akirushiwa mpira ukampiga kifuani kabla hajainua mikono, maskini, ni akili. Jibu likishaingia nyumbani na kuvua viatu, nani tena atatoka kwenda kutafuta jingine?

Alitembea akiwa na miaka mitatu. Alisema akiwa na minne, na neno lake la kwanza lilikuwa "Bibi," ingawa mama yake anadai lilikuwa "bata." Alikuwa mtoto wa kucheka. Alipenda kuweka uso wake juu ya uso wa mtu, pua kwa pua, akauchunguza kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Wageni walishtuka, wenyeji walizoea. Mkate aliusogeza puani kabla ya kuula. Televisheni aliitazama akiwa ameiegemea, hata nywele zikasimama kwa umeme. Ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya njia hakujibu, na watu wakasema mtoto huyu hana adabu; ukimwita kwa jina alikuja mbio, akaanguka njiani, akainuka, akafika.

Mambo yote hayo yalikuwa wazi kama nguo kambani. Bibi Tafida aliyaona kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda naye, baba akiwa Hurghada kwenye kazi ya kufua mashuka ya hoteli na mama akiwa shambani. Aliyaona, akayafanyia hadithi.

Hadithi ya kwanza ilianzia kanisani, mwezi wa Agosti 1995, katika mfungo wa Bikira Maria. Jalila alikuwa na miaka sita. Watu walipanga mstari kuibusu picha ya Bikira na Mtoto, ile ya ukuta wa kaskazini ambayo mishumaa ya mababu imeifanya nyeusi kama sufuria. Zamu ya Jalila ilipofika hakubusu. Alibandika pua kwenye picha, akaitembeza polepole kutoka juu hadi chini, mstari wote ukimngoja.

"Mtoto, harakisha, tuna njaa," alisema mwanamke mmoja nyuma.

Jalila akageuka. "Kiatu cha Mtoto kimechomoka," alisema.

Watu wakacheka. Abuna, padri wetu, akaleta mshumaa, akautazama mguu wa Yesu mdogo. Kweli kulikuwa na kandambili, ikining'inia kwa ugwe mmoja. Miaka mia na zaidi watu wa Naja Butrus walikuwa wameibusu picha ile, na hakuna aliyepata kuiona kandambili. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Tafida akapiga kwa sauti kuliko wote, kisha akasimama katikati ya kanisa akatangaza:

"Nyinyi mnawatazama watakatifu. Mjukuu wangu anawanusa!"

Jumapili iliyofuata Bibi Tafida na mjukuu wake walipewa benchi la mbele upande wa wanawake, benchi ambalo kwa miaka yote lilikuwa la mama wa mashemasi. Wanawake wajawazito walimwendea Jalila awaguse tumbo kwa pua. Bibi Tafida, mjane wa mfumaji, mtu wa benchi la mwisho karibu na mlango wa upepo, akaanza kusalimiwa kwanza.

Mwaka uliofuata Jalila alilikuta joho jeusi la Abuna limeanikwa kambani uani kwake. Alilisogelea, akaushika mkono wa joho, akaubusu, akainamisha kichwa. "Nibariki, Abuna." Watoto waligaagaa kwa kicheko. Bibi Tafida hakucheka. Alisema mtoto ameiona roho ya Abuna imevaa joho. Siku kumi baadaye Abuna aliteleza bafuni akavunjika mguu, na kijiji kizima kikakumbuka. "Si niliwaambia?" alisema Bibi Tafida. "Roho ilikuwa inaaga mguu."

"Bibi, hilo la mguu niliandike?"

"Liandike. Ni kweli aliteleza. Uongo ni wangu, kuteleza ni kwake."

Kuhusu elimu, marehemu aliandikishwa shule ya msingi ya kijiji mwezi Septemba 1996. Aliwekwa benchi la nyuma kabisa, kwa kuwa watoto wa hali yake huwekwa nyuma wasiwasumbue wenzao. Kutoka pale ubao ulikuwa kwake ukuta mweusi. Mwalimu aliandika, wenzake wakanakili, naye alinakili alichokiona: akaujaza ukurasa mzima wino mweusi, kwa bidii sana, ulimi ukiwa nje. Alichapwa kwa kuharibu daftari. Baada ya miaka miwili alirudishwa nyumbani, na karatasi ya shule ilisema hafundishiki.

Nyumbani alifundishwa kufuma. Hapa Irini aliuliza kama wapumzike, kwa sababu mikono ya Bibi Tafida ilianza kutafuta kitu mapajani ambacho hakikuwepo. Hakutaka kupumzika.

Jalila alipoketi kwenye mtambo alifanya alichofanya siku zote: aliinama mpaka pua ikazigusa nyuzi za mtande. Akiwa hivyo vidole vyake havikukosea. Alitenganisha nyuzi nyekundu na nyeusi, moja moja, kama mwanamke aliyefuma miaka ishirini. Lakini nywele zake zilinaswa, na mfumaji hainami hivyo, na watu wakipita dirishani wangesema nini? Bibi Tafida alimpiga mgongoni kwa kile kibao cha kupitishia uzi. "Kaa wima kama binadamu!" Mtoto akakaa wima. Akiwa wima hakuona uzi hata mmoja, akachanganya kila kitu. "Mvivu wewe! Akili hamna!" Akainama tena, akapigwa tena.

Pua ilikuwa ile ile. Jumapili kanisani ilikuwa takatifu, Jumatatu kwenye mtambo ilikuwa mvivu. Mtoto alikuwa amejitafutia dawa yake mwenyewe bila kufundishwa na mtu, na bibi yake alimchapa kwa kuitumia. Liandikwe hivyo hivyo, lisilainishwe.

Oktoba 1998 darasa dogo lilifunguliwa katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, kwa ajili ya watoto walioshindwa shule. Watoto walikuwa tisa. Mwalimu alikuwa Eva Bistawros wa Naqada, mwanamke mwembamba ambaye hakuwa ameolewa, mwenye tabia ya kukaa kimya akitazama. Alimtazama Jalila miezi saba. Jumapili tarehe 9 Mei 1999, baada ya ibada, alimwita bibi.

"Mama Wadii, njoo uone jambo."

Alikuwa amemwaga maharage na dengu kwenye sinia. Jalila alivichambua mpaka punje ya mwisho, pua ikigusa bati. Kisha Mwalimu Eva akarudi nyuma hatua nne, akainua mkono.

"Jalila, nimeshika nini?"

"Mkono."

"Na kwenye mkono mna nini?"

"Vidole!" alisema Jalila, akicheka swali lenyewe.

Mwalimu akasogea hatua moja. Vidole. Hatua ya pili. Vidole. Alipofika karibu kiasi cha upana wa mkate ndipo mtoto alipopiga makofi. "Ndimu!"

"Umeona?" Mwalimu Eva alimgeukia bibi. "Ndimu anaijua. Haioni tu. Anaogopa ngazi, sivyo? Ukimpungia haji, ukimwita anakuja? Watoto wetu hawa, Mama Wadii, wengi wana macho mabovu na hawasemi. Watasemaje? Wanadhani dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Na sisi hatuulizi, kwa sababu tumeshawapa jina, na kila kitu tunakilaza chini ya jina hilo."

"Atasomaje herufi za daktari na herufi hazijui?"

"Daktari ana taa ya kupimia. Mtoto hahitaji kujua hata herufi moja." Akampa barua ya daktari wa macho wa Qena. Juu ya barua alichora ndimu, Jalila aifurahie. "Mpe mama yake," alisema, na mtoto alikuwa amesimama hapo hapo akisikia. "Ampeleke wiki hii."

Bi. Nargis alikuwa Qus kwa mama yake mgonjwa. Bibi Tafida aliibeba barua nyumbani.

"Mama, basi," alisema Wadii. Alikuwa ameacha kugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwa huelewi. Hujasoma. Tuandike kwamba hukuelewa, tumalize. Nani atakulaumu?"

"Nilielewa."

"Mama."

"Ndimu haihitaji kusoma, Wadii. Nilielewa kabla hajamaliza kusema. Nilielewa toka siku ya joho, kama unataka kujua. Irini, andika."

Naye Irini aliandika. Bibi Tafida alielewa kila neno. Aliketi stoo peke yake, barua mkononi, akapiga hesabu. Mtoto akivaa miwani atawaona watakatifu kutoka benchi la nyuma kama mtu yeyote. Pua itakuwa pua. Kandambili itakuwa kandambili tu, iliyoonwa na mtoto asiyeona mbali. Na yeye atakuwa bibi kikongwe aliyetangaza muujiza katikati ya kanisa kwa sababu mjukuu wake alihitaji vioo viwili. Aliikunja barua mara nne, akaiweka chini ya mtungi wa jibini kuukuu, mahali ambapo harufu peke yake ni mlinzi.

Ijumaa Mwalimu Eva alikuja uani. Wanawake saba walikuwa wameketi wakichambua mlenda.

"Mama Wadii, barua imefika?"

"Barua gani?"

"Ya macho ya Jalila. Niliyokupa."

Bibi Tafida aliinuka. Ana kipaji cha maneno, kila mtu anajua, na siku hiyo alikitumia chote. "Sikilizeni, wanawake! Asiyezaa amekuja kuhesabu kasoro za watoto wa wenzake! Mjukuu wangu anawaona watakatifu, huyu anasema kipofu! Jicho bovu ni lako, mwalimu. Likunje vizuri, ulirudishe kwenu Naqada!"

Wanawake walicheka, mmoja akatema mate kifuani kujikinga na kijicho. Mwalimu Eva alimtazama Jalila, aliyekuwa akicheka kwa kuwa watu wanacheka, akaondoka. Lakini neno la kijicho likishatoka halirudi. Mama mmoja alimtoa mtoto wake darasani, kisha wa pili. Kufikia Krismasi chumba cha nyuma ya kanisa kiliwekwa magunia ya ngano. Watoto walikuwa tisa. Bibi Tafida hajui wangapi kati yao walikuwa kama Jalila. Hakuna anayejua. Aliyekuwa akijua kutazama alifukuzwa.

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Jalila alianguka ngazini mara mbili, mara ya pili akavunjika mkono. Akajifunza kukaa. Mtu asiyeona mbali, asiyefundishwa, anayechapwa akiinama, mwisho hujifunza kukaa mahali pamoja na kutabasamu kuelekea kwenye sauti. Watu walisema ametulia, ameiva, amekuwa mtakatifu kweli.

Aliyemtoa pale ni mdogo wake. Novemba 2010 Irini, akiwa mwaka wa pili wa uuguzi, alirudi likizo na kumkuta dada yake anamsalimia kwa heshima jaketi lake lililotundikwa mlangoni. Hakucheka. Kesho yake akampeleka Qena. Daktari alimmulika macho kwa taa, bila kumuuliza herufi hata moja, akaandika, akavua miwani yake mwenyewe akaifuta. "Miwani ya nambari kumi na moja na nusu, macho yote mawili," alisema. "Ana miaka mingapi? Ishirini na mmoja? Na nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kuona?"

Irini alilirudisha swali hilo nyumbani. "Bibi, wewe ulishinda naye. Hakuna aliyewahi kuona?"

"Nani angeona?" alisema Bibi Tafida.

Miwani ilikuja baada ya wiki mbili, minene kama vitako vya glasi. Walimvalisha uani. Jalila alishika nguzo kwa mikono miwili. Alitazama mtende, akatazama njiwa wa jirani, akawahesabu, tatu, nne, kumi, hesabu zake zilikuwa hazina mpangilio. Kisha akamtazama Bibi Tafida, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya pili, mlangoni mwa stoo.

"Bibi!" alipiga kelele. "Uso wako unafika mpaka huku!"

Kisha akasema, "Mbona unalia?" Na Bibi Tafida, ambaye kwa miaka ishirini na moja alikuwa amezoea kulia hatua tatu mbele ya mtoto huyu bila kujulikana, akajifunika kwa ushungi. Jioni hiyo hiyo alikuwa kwa majirani akisimulia jinsi Bikira alivyotokea na miwani mkononi.

Tangu hapo marehemu alifuma akiwa wima. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2022 alifanya kazi katika chumba cha akina mama wa kanisa, akimalizia mitandio, na shada za nyuzi za pembeni alizozifunga yeye hazikufumuka. Alijifunza kuandika jina lake na jina la Irini. Ngazi alizipanda na kuzishuka bila kazi yoyote, kwa raha tu.

Marehemu hakuolewa. Alimchumbia mwenyewe dereva wa trekta, Kirulus, mara tatu, naye kila mara aliomba muda wa kufikiri. Lakini hakukosa harusi. Katika harusi ya Irini, mwaka 2015, alikaa nyuma kwa makusudi, ili aone kwa mbali, na katikati ya sala akasema kwa sauti ya kanisa zima: "Nimekuona, Irini! Wamekupaka unga!"

Turudi nyuma: miwani ilikuwa na umri wa miezi miwili tu ilipompeleka stoo. Alikuwa akisaidia kufagia, akausogeza mtungi. Bibi Tafida alimkuta ameshika karatasi iliyoliwa na chumvi pembezoni, ameinyoosha mkono mzima mbele yake, kama mtu anayeringa kwamba anaweza.

"Ndimu," alisema Jalila. "Ya Mwalimu Eva. Mwalimu alisema mpe Mama."

"Ndiyo, mwanangu. Nitampa."

Aliichukua akaifunga kwenye pindo la ushungi wake. Jalila alikuwa mzito wa kushika jambo, lakini akishalishika haliachii. Kila baada ya siku kadhaa, kwa miaka kumi na mitatu, alimwinamia bibi yake sikioni. "Umempa?"

"Nimempa."

Alimwamini. Hilo nalo liandikwe, kwamba kila mara aliamini.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2022. Miguu ilivimba, midomo ikawa na rangi ya zambarau. Alilazwa Qena mara nne, na madaktari walisema moyo wenyewe ulikuwa na deni la tangu kuzaliwa. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu tarehe 5 Februari 2024. Alhamisi alfajiri alikuwa akipapasa shuka. Bibi Tafida alijua anatafuta nini, akamvalisha miwani, akaiweka juu chini. Jalila alicheka, hata pumzi ikampotea. Akaigeuza mwenyewe. Akautazama uso wa bibi yake kwa muda.

"Umempa?" aliuliza.

Bibi Tafida, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikosa. Marehemu alifariki dunia saa moja kasorobo asubuhi, tarehe 8 Februari 2024, akiwa na miaka thelathini na minne, na akazikwa siku hiyo hiyo alasiri, miwani ikiwa usoni. Watu waliuliza kuna haja gani. Bibi Tafida aliwaambia, "Niulizeni mimi baadaye."

"Sasa wataelewa habari ya miwani," alisema Wadii. Alikuwa amekaa chini mkekani, karibu na mama yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini Nargis, Mama. Mwambie faraghani. Kwa nini kwenye karatasi? Kwa nini mbele ya watu?"

"Kwa sababu nilimtukana Eva mbele ya watu. Na kwa sababu kinywa changu nakijua. Nikimwambia Nargis kwa mdomo, nikifika katikati nitamweka malaika stoo, nitasema mtungi uliniomba. Karatasi ya Irini haipambi." Akamgeukia mjukuu wake. "Eva ataitwa?"

"Nimeshamwita, Bibi. Yuko Naqada kwa dada yake. Amesema atakuja Jumatatu."

"Benchi la mbele akae yeye. Mimi nitakaa mlangoni, kwenye upepo wangu. Na kama kuna mama kanisani ana mtoto anayesogeza kitu puani, au anayesalimia nguo, asiniulize mimi hadithi. Amuulize Eva. Haya, andika waliobaki."

Marehemu ameacha baba, Bwana Wadii Ghattas, mama, Bi. Nargis, mdogo wake, Irini, na shemeji, wapwa wawili aliowafundisha kupanda ngazi, bibi yake, Tafida, aliyeona na asiseme, na mwalimu wake, Eva Bistawros, aliyeona akasema.

"Mwalimu si ndugu, Bibi. Hapa wanaandikwa ndugu."

"Basi nitoe mimi, umweke yeye. Malizia. Andika: apumzike kwa amani mtoto wetu, mahali ambapo hakuna haja ya kumsogelea mtu ndipo amwo—"

Mlango ulisukumwa kwa goti. Bi. Nargis aliingia na sinia la mikate ya rehema, bado ina moshi, unga umemjaa mikononi mpaka viwiko.

"Mmefika wapi?" aliuliza. "Mnanong'ona nini tangu asubuhi? Nisomeeni na mimi."

Wadii alitazama mkeka. Irini aliinua kalamu, akaishikilia hewani. Bibi Tafida alianza kulifungua fundo la ushungi, na kwa kuwa lilikuwa la miaka kumi na mitatu lilimkatalia, akalifungua kwa meno. Kisha akaiweka ile karatasi juu ya sinia, kati ya mikate, upande wenye ndimu ukiwa juu.